Mawe ya Shaba

Kazi yangu ni kutilia shaka.
Serikali hunilipa kwa hilo.
Kila Jumanne naingia soko la Mgandini na kisanduku cha mbao,
mawe ya shaba yamelala ndani juu ya mahameli,
siyagusi kwa vidole vitupu, maana hata jasho lina uzito.
Wauza dagaa wakiniona hugusana viwiko:
Mama Vipimo huyo.
Nimeona jiwe la kilo mbili lililotobolewa tumbo,
risasi ikatolewa, tundu likazibwa kwa nta na masizi.
Nimeona sumaku chini ya sahani, ndogo kama kifungo cha shati.

Basi Singano, mwana wa kaka yangu, hucheka
nikimwuliza: hilo dude lako nani kalipiga muhuri?

Chumbageni, saa saba usiku, umeme ndiyo kwanza umerudi,
uso wake wa buluu kwa mwanga wa simu.
Namba zinabiringika. Juu ya hamsini anakula, chini analiwa.
"Shangazi, hapa hakuna wizi.
Kabla sijacheza wananipa kufuli,
herufi na tarakimu sitini na nne.
Nikimaliza wananipa ufunguo.
Nikitaka, nahakiki mwenyewe."
Umewahi kuhakiki?
Akajikuna shingo.

Nikachukua daftari la mistari, nikakaa naye usiku tisa.
Mizunguko mia tatu na kumi na miwili,
yote nimeiandika kwa kalamu nyekundu: dau, namba, saa.
Dau dogo lilicheka nasi. Dau kubwa lilinuna.
Ningependa kusema nimewakamata.
Sijawakamata.
Mia tatu ni chache; hata shilingi ya kweli, ya mkononi,
yaweza kununa usiku kucha bila hila ya mtu.
Na asilimia yao moja wameiandika waziwazi, kule chini,
kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Ijumaa akashinda. Dola mia mbili na kumi,
za sarafu zile zisizoshikika.
Aliniamsha, tukachemsha chai ya tangawizi alfajiri ile,
akataja pikipiki, akataja na rangi yake.
Akabonyeza Toa.

Wakataka picha ya kitambulisho.
Akatuma.
Wakataka picha ya uso, kitambulisho mkononi.
Akatuma.
Wakataka bili ya maji yenye jina lake,
naye analala mkekani sebuleni kwangu,
na maji bado yanakuja kwa jina la marehemu mume wangu.
Tunakagua, wakasema.
Siku kumi na moja wanakagua.
Alipokuwa akiweka, kidogo kidogo, hadi laki sita na arobaini,
hakuna aliyemwuliza hata jina la baba yake.

Hapo nikajua daftari langu lilikuwa likipima kisichopotea.
Kuna duka la sukari lenye mizani isiyo na doa.
Mwenye duka anapima mbele ya macho yako, taratibu,
anakunja karatasi, anafunga uzi,
kisha anauweka mfuko chini ya kaunta
na kukwambia: subiri.

Muhuri wangu haugongi kwenye subiri.

Niliwaandikia kuuliza ofisi iko mji gani.
Akajibu mtu aitwaye Msaada,
akanitakia siku njema,
akampa Singano mizunguko ishirini ya bure.

Jumanne nikarudi Mgandini.
Mizani ya Bi Zuhena, muuza viazi vya Lushoto,
ilikuwa ikipunja gramu thelathini. Nikaifungia.
Akanikazia macho:
"Na hayo mawe yako, nani anayapima?"
Nikamwambia: kila mwaka yanapanda basi kwenda Dar es Salaam,
yanapimwa kwa mawe mengine yenye cheo,
na hayo nayo yana wakubwa wao.
"Na hao wakubwa?"
Mtu akacheka kwenye meza ya nyanya.
Sikuwa na jibu la haraka.

Usiku huu Singano hajalala.
Nasikia chaja ikichomolewa, ikichomekwa.
Siku ya kumi na mbili, Shangazi.
Mizunguko ya bure imebaki mitatu.